Ulinganisho wa modeli za trafiki inayojifanana: ipi inafaa swali lipi la mtandao wako

Anayetaka kujua kama kiungo cha ofisi iliyopo Mji wa Serikali, Mtumba, kitahimili mzigo wa mwaka ujao, au kama ruta ya chuo hapa Dodoma ina bafa (hifadhi ya data inayosubiri zamu) ya kutosha kwa siku za usajili wa wanafunzi, atafika mapema kwenye swali ambalo wengi hulipita haraka: pakiti (vipande vya data) zitakazoingizwa katika uigaji, yaani jaribio la mtandao ndani ya kompyuta, zitatoka wapi, na zitafuatana kwa mpangilio gani? Kwa simu za waya jibu lilipatikana zamani. Agner Krarup Erlang alionyesha mwaka 1909, kule Copenhagen, kwamba miito ya simu inafuata mchakato wa Poisson, yaani kila mwito unaingia bila kutegemea mingine, na kwa miongo mingi wahandisi walilichukua jibu hilo na kulitumia hata kwenye mitandao ya kompyuta. Vipimo vilivyochukuliwa katika maabara za Bellcore, Marekani, kuanzia 1989 hadi 1992 ndivyo vilivyolibatilisha. Will Leland, Murad Taqqu, Walter Willinger na Daniel Wilson waliichora trafiki ya Ethernet kwa vipindi vya sehemu za sekunde, kisha vya sekunde, kisha vya dakika, na katika kila mchoro wakakuta milipuko ile ile, mahali ambapo Poisson ingetoa mstari unaozidi kutulia kadiri kipindi kinavyorefushwa. Trafiki hii yenye milipuko ile ile katika kila mizani ya muda ndiyo inayoitwa trafiki inayojifanana. Mwaka 1995 Vern Paxson na Sally Floyd walionyesha kwamba Poisson inashindwa pia kwenye mitandao ya masafa marefu, na muda mfupi baadaye Mark Crovella na Azer Bestavros wakaikuta hali hiyo katika trafiki ya wavuti.

Tofauti hiyo inapimika. Ukiigawa trafiki ya Poisson katika vikundi vya vipindi 100 na kutafuta wastani wa kila kikundi, variansi ya wastani hizo, yaani kipimo cha kutawanyika kwake, inashuka hadi sehemu moja ya 100 ya variansi ya awali. Ukifanya hivyo kwa trafiki inayojifanana ambayo kigezo chake cha Hurst, yaani H, ni 0.8, variansi inashuka hadi kama sehemu moja ya 6 tu. Kwa vikundi vya vipindi 10,000, Poisson inafika sehemu moja ya 10,000 ilhali trafiki ile nyingine imebaki kwenye sehemu moja ya 40. H ya 0.5 maana yake ni kwamba hakuna kumbukumbu ndefu, yaani yaliyopita zamani hayaathiri yajayo. Kadiri H inavyokaribia 1, ndivyo milipuko inavyofuatana kwa muda mrefu zaidi.

Kigezo hicho kimepewa jina la Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyefanya kazi ya maji nchini Misri kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na ambaye mwaka 1951 alichapisha utafiti kuhusu ukubwa wa bwawa linaloweza kuhifadhi maji ya Nile kwa miaka mingi. Aligundua kwamba miaka ya maji mengi huelekea kufuatana na miaka ya ukame vilevile, kwa namna ambayo nadharia ya matukio yasiyotegemeana haikuweza kuieleza. Sisi tunaoishi kwenye nyanda zinazopata kiasi cha milimita 570 za mvua kwa mwaka, na tunaolitazama bwawa la Mtera likijaa na kukauka kingo, tunaelewa bila shida kwa nini wastani wa mvua peke yake hautoshi kukadiria ukubwa wa bwawa. Bafa ya ruta ni bwawa la pakiti, na hesabu iliyomtaabisha Hurst ndiyo inayomtaabisha mhandisi wa mtandao.

Ukishakubali kwamba trafiki yako inajifanana, modeli zinazoweza kuizalisha ni nyingi, na hapa nalinganisha zile ambazo mwanafunzi wa shahada ya uzamili au mhandisi wa kitengo cha TEHAMA anaweza kuzitumia bila kuandika kila kitu upya. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usichague modeli kwa kuangalia ipi inafanana zaidi na vipimo vyako. Angalia kwanza ni kitu gani unakusudia kukibadilisha ndani ya uigaji. Modeli mbili zinaweza kuwa na H moja na variansi moja, lakini moja ikaendelea kusema kweli baada ya kubadilisha kasi ya kiungo na nyingine isiseme kweli tena.

Mfululizo wa Gauss wenye kumbukumbu ndefu

Njia nyepesi kuliko zote ni kuichukulia trafiki kama mfululizo wa namba za Gauss (zinazotawanyika kwa umbo la kengele kuzunguka wastani) zenye uhusiano wa muda mrefu, kwa msingi wa hisabati uliowekwa na Benoit Mandelbrot na John Van Ness mwaka 1968. Inahitaji vigezo vitatu tu: wastani, variansi na H. Kwa mbinu ya Davies na Harte ya mwaka 1987, inayotegemea ugeuzi wa haraka wa Fourier, kompyuta ya kawaida ya mezani inazalisha mfululizo wa nukta milioni moja kwa muda mfupi sana, na mfululizo huo ni sahihi kihisabati, si wa kukadiria. Mbinu ya Hosking nayo ni sahihi, ila muda wake unakua kwa mraba wa idadi ya nukta, kwa hiyo haifai mfululizo mrefu.

Thamani kubwa ya modeli hii ni kwamba ina majibu ya karatasi na kalamu. Ilkka Norros alionyesha mwaka 1994 kwamba kwa foleni inayolishwa na trafiki ya namna hii, logi ya uwezekano wa foleni kuzidi kiwango x inashuka kwa uwiano wa x kwa kipeo cha 2 − 2H. Tuichukue H ya 0.8, ambapo kipeo ni 0.4. Ukitaka kuuteremsha uwezekano wa bafa kufurika kutoka 1 kwa 1,000 hadi 1 kwa 1,000,000, nadharia ya zamani ingekuambia uongeze bafa mara mbili. Hapa unatakiwa kuiongeza karibu mara 6. Fomula hiyo hiyo inasema jambo zito zaidi kuhusu matumizi ya kiungo. Ukikipandisha kiungo kutoka matumizi ya asilimia 50 hadi asilimia 80 huku ukidai ubora ule ule wa huduma, bafa inayohitajika inaongezeka mara 4 ikiwa H ni 0.5, lakini inaongezeka zaidi ya mara 120 ikiwa H ni 0.8. Nayatilia mkazo matokeo haya kwa sababu ndiyo yanayopaswa kuwekwa mbele ya mwenye bajeti: kwa trafiki inayojifanana, fedha iliyotumika kuongeza kasi ya kiungo inafanya kazi kubwa kuliko fedha iliyotumika kununua ruta yenye kumbukumbu kubwa.

Udhaifu wake ni wa aina tatu, na haulingani uzito. Kwanza, Gauss inaruhusu namba hasi, na hakuna kiungo kinachobeba baiti hasi. Wastani ukiwa mara mbili tu ya mkengeuko sanifu, zaidi ya asilimia 2 ya nukta zitakuwa hasi, na ukizigeuza kuwa sifuri umeshabadilisha wastani uliokuwa ukiutaka. Kwa hiyo modeli hii inafaa mahali ambapo vyanzo vingi vimejumlishwa, kama kiungo kikuu kinachotoka chuoni, na haifai laini ya ofisi ya watu kumi. Pili, haina umbo lolote la muda mfupi. Kasoro hii inarekebishika kwa kutumia familia ya FARIMA, ambayo inaongeza vigezo vya uhusiano wa karibu juu ya kumbukumbu ndefu. Tatu, na huu ndio udhaifu usio na dawa, trafiki yake haisikii chochote. Foleni ikijaa, pakiti zikipotea, mfululizo unaendelea kumwaga baiti kama ulivyopangwa, wakati TCP halisi, itifaki inayosimamia mwendo wa data kwenye mtandao, ingepunguza mwendo.

Vyanzo vinavyowaka na kuzima

Modeli hii haianzi na jumla ya trafiki. Inaanza na watumiaji. Kila chanzo kina vipindi viwili: kinapotuma na kinapokaa kimya. Ikiwa urefu wa vipindi hivyo una mkia mzito, yaani vipindi virefu mno si adimu sana, kwa mfano mgawanyo wa Pareto wenye kigezo α kati ya 1 na 2, ambapo wastani upo lakini variansi haina kikomo, basi jumla ya vyanzo vingi inakuwa trafiki inayojifanana. Willinger, Taqqu, Robert Sherman na Wilson walilithibitisha hilo mwaka 1997, na uhusiano wake ni rahisi kuukumbuka: H ni sawa na 3 kutoa α, kisha kugawa kwa 2. α ya 1.4 inatoa H ya 0.8, α ya 1.2 inatoa 0.9.

Naipenda modeli hii kuliko nyingine kwa sababu inaeleza chanzo cha jambo. Milipuko mirefu inatoka kwenye ukubwa wa mafaili: mengi ni madogo, na machache ni makubwa kiasi kwamba hayo machache ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya baiti zote. Hali hiyo haiondoki kwa kubadili kasi ya kiungo wala kwa kuongeza ofisi nyingine kwenye mtandao, kwa hiyo modeli inabaki na maana hata baada ya mabadiliko yale ambayo uigaji ulikusudiwa kuyachunguza. Sharti ni moja, na wengi hulikosa: toa mgawanyo wa Pareto kwa ukubwa wa faili, usiutoe kwa muda wa kutuma, kisha iache TCP ya kiigaji iamue faili litachukua muda gani kufika. Katika ns-3, programu ya kuiga mitandao, hili linawezekana kwa vifaa vilivyomo tayari. Ukipanga muda wa kutuma badala ya ukubwa wa faili, chanzo chako kimekuwa kiziwi sawasawa na mfululizo wa Gauss, na faida yote ya kuanza na watumiaji imepotea.

Pia panga ucheleweshaji kwa ukweli wa mahali. Umbali wa Dodoma hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 450, na mwanga ndani ya mkongo (kebo ya nyuzi za kioo) husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua sana chini ya milisekunde 4.5 hata kabla ya kuhesabu ruta za njiani. Seva iliyopo Ulaya inachukua zaidi ya milisekunde 100. TCP inayoongea na Dar es Salaam na TCP inayoongea na Ulaya zina mwitikio tofauti kabisa mbele ya foleni moja, na uigaji unaozipa zote ucheleweshaji mmoja utatoa foleni ambayo haipo popote.

Gharama ya modeli hii ni muda, na gharama hiyo ni kubwa kuliko wanafunzi wengi wanavyotarajia. Sampuli za mgawanyo wenye mkia mzito zinaukaribia wastani wake polepole mno. Kwa α ya 1.5, kosa la asilimia 1 katika wastani linadai sampuli za daraja la milioni moja. Kwa α ya 1.2 linadai sampuli za daraja la milioni mara milioni, jambo ambalo hakuna uigaji wa kawaida utakaolimaliza. Kiutendaji inabidi uuwekee mkia kikomo, tuseme faili kubwa kuliko yote lililowahi kuonekana kwenye seva yako, na uandike kikomo hicho wazi katika ripoti, kwa sababu ndicho kinachoamua trafiki yako itajifanana hadi kwenye mizani ipi ya muda. Tena usianzishe vyanzo vyote kwa pamoja katika sekunde ya kwanza. Vyanzo vyenye mkia mzito huchukua muda mrefu sana kusahau hali ya mwanzo, na matokeo ya dakika za awali yanaweza kupotosha wastani wa kazi nzima.

Modeli za Markov

Hapa trafiki ni Poisson ambayo kasi yake inabadilika kulingana na hali iliyofichika: utulivu, wastani, mlipuko. Modeli za Markov hazina kumbukumbu ndefu ya kweli, na kwa sababu hiyo zilidharauliwa baada ya matokeo ya Bellcore. Dharau hiyo haikustahili. Matthias Grossglauser na Jean-Chrysostome Bolot walionyesha mwaka 1996 kwamba bafa yenye ukubwa maalumu ina upeo wake: uhusiano wa trafiki unaovuka upeo huo haubadilishi upotevu wa pakiti kwa kiasi cha maana, kwa kuwa kila bafa inapomwagika hadi tupu au kujaa hadi pomoni, yaliyopita yamefutika.

Linganisha mifano miwili. Ruta ya kiungo cha gigabiti 1 kwa sekunde yenye bafa ya megabaiti 1.25 inahifadhi milisekunde 10 tu za trafiki, na modeli ya Markov yenye hali chache, iliyolinganishwa na vipimo vya milisekunde hadi sekunde chache, itatoa upotevu wa kuaminika. Ofisi ya wilaya yenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde na kifaa chenye bafa ya megabaiti 2 inahifadhi sekunde 0.8, na hapo hali zinazohitajika zinaongezeka kwa sababu mizani ya muda inayohusika imepanuka. Modeli hii inavutia anayetaka kukokotoa foleni kwa matriki badala ya kuiiga, na inavumilika kwa anayeiga. Kinachonikatisha tamaa ni vigezo vyake: vinaongezeka haraka, na mara nyingi havina maana yoyote ambayo msimamizi wa mtandao angeweza kukuambia kama ni ya kweli au si ya kweli.

Modeli ya wevileti (mawimbi mafupi ya kihisabati yanayochambua data katika mizani nyingi za muda) yenye mafraktali mengi, iliyopendekezwa na Rudolf Riedi na wenzake mwaka 1999, nitaitaja kwa ufupi. Inatoa namba chanya tu, ni ya haraka, na inaiga vizuri ukali wa trafiki katika milisekunde chache, mahali ambapo Gauss inashindwa. Ni chaguo zuri kwa mtafiti wa mizani fupi ya muda kwenye mtandao wa masafa marefu. Nayo ni kiziwi kwa foleni.

Kurudia rekodi halisi

Wengine huamua kuacha modeli kabisa, wakarekodi pakiti kwa programu ya tcpdump na kuzirudisha ndani ya uigaji kama zilivyokuwa. Njia hii inashawishi kwa sababu inaonekana haina dhana yoyote. Lakini dhana ipo, tena kubwa: kwamba pakiti zingefika kwa nyakati zile zile hata kama kiungo kingekuwa tofauti. Nyakati zilizo ndani ya rekodi zilichongwa na foleni na TCP za siku ile. Ukirudia rekodi ya kiungo cha megabiti 100 kwenye kiungo cha kuigwa cha gigabiti 1, utaona utulivu usiokuwa wa kweli, kwa kuwa watumiaji halisi wangepakua kwa kasi zaidi. Rekodi inafaa kupima kifaa kwa mzigo uleule, kwa mfano kulinganisha sera mbili za foleni zilizo karibu sana, na inafaa zaidi kama chanzo cha vigezo vya modeli nyingine. Kisheria nayo si nyepesi: pakiti za watumishi na wanafunzi zina taarifa zao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu anayezirekodi. Hifadhi vichwa vya pakiti tu, ficha anwani, na upate kibali kabla ya kuanza.

Kabla ya kuandika H

Uchaguzi wote hapo juu unategemea H iliyopimwa kwa uangalifu, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Trafiki ya Dodoma ina mizunguko mikali: ofisi za serikali zinafunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, Bunge la bajeti linaujaza mji kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na vyuo vina misimu yao. Mpando wa asubuhi ni badiliko la wastani, si kumbukumbu ndefu, lakini mchoro wa variansi na muda, au njia ya R/S (upana wa mabadiliko ukigawanywa kwa mkengeuko sanifu) aliyoianzisha Hurst mwenyewe, zitalipokea badiliko hilo na kukupa H inayokaribia 1. Pima ndani ya vipindi ambavyo wastani umetulia, tuseme saa nne hadi saa sita mchana, kwa siku kadhaa zinazofanana. Njia ya wevileti ya Patrice Abry na Darryl Veitch ya mwaka 1998 inastahimili mielekeo kama hiyo na inatoa pia kipimo cha kiasi gani H iliyopatikana inaweza kuaminiwa. Naipendekeza iwe ya kwanza, na nyingine zitumike kuihakiki tu.

Ikiwa basi unataka kujua kiungo kikuu cha chuo kipandishwe hadi kasi gani, na kinabeba maelfu ya watumiaji kwa pamoja, anza na fomula ya Norros. Jioni moja inatosha kupata jibu la kwanza, na mara nyingi jibu hilo linatosha. Ikiwa kiungo ni kikubwa zaidi ya hapo, cha aina ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na swali lako linahusu milisekunde chache tu ndani ya bafa ndogo, usione haya kutumia Poisson au Markov, kwa kuwa mitiririko ikiwa mingi sana trafiki katika mizani fupi inaelekea kuikaribia Poisson. Lakini ikiwa swali linaanza na "itakuwaje tukihamishia mfumo kwenye seva nyingine", "tukiongeza ofisi tano", au "tukibadilisha sera ya foleni kwa ajili ya mikutano ya video", tumia vyanzo vinavyowaka na kuzima vikiwa na TCP hai, hata kama vitakugharimu wiki nzima ya kompyuta. Endesha uigaji huo kwa α ya 1.2, 1.4 na 1.6, na mara moja kwa Poisson, kisha weka matokeo yote manne kwenye jedwali moja, ili anayeisoma ripoti aone mwenyewe ni sehemu gani ya uamuzi wake inategemea H na ni ipi isiyoitegemea.